Sonda ni rahisi, zamu ni ghali

Mwanamke aliyejifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji hangoji kufika kliniki ndipo aulizwe kuhusu wa pili. Mama mkwe ataanza, jirani atafuata, na muuza ndizi aliyemwona akipita na tumbo ataongeza lake: safari hii watakupasua tena? Gisenyi, mji wa Rwanda ambao karatasi za serikali zimeuita Rubavu tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 na ambao wenyewe wamekataa kuliacha jina la zamani, swali hilo huulizwa kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili kinachovuka mpaka kutoka Goma kila asubuhi, na kwa Kifaransa cha wodini. Jibu huwa moja katika lugha zote tatu. Ukishapasuliwa, umepasuliwa.

Jibu hilo lina baba yake. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliwaandikia wenzake kwamba mama aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Mada yake ilikuwa kuwasihi wasikimbilie kisu kwenye uzazi wa kwanza, maana kisu hicho kina deni litakalolipwa baadaye. Lilikuwa onyo kuhusu upasuaji wa kwanza. Dunia ikaligeuza kuwa amri kuhusu wa pili.

Cragin alikuwa na sababu. Enzi zake mfuko wa uzazi ulikatwa wima, sehemu ya juu, penye misuli minene inayofanya kazi ya kusukuma, na kovu la mahali hapo huvutwa na kila uchungu unaokuja. Katika miaka ya 1920 Munro Kerr wa Glasgow alianza kuwashawishi wenzake wakate kwa mlalo, chini, penye ukuta mwembamba usiojikaza kwa nguvu. Kovu la huko chini huvumilia uchungu wa mimba inayofuata kwa wanawake wengi. Bila mkato ule tusingekuwa na la kujadili.

Ukanda wetu una ukurasa wake katika historia hii, na husimuliwa kwa fahari. Mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga akimpasua mama aliyeleweshwa kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akamtoa mtoto, akafunga tumbo kwa vijiti vya chuma. Taarifa za upasuaji wa namna hiyo zimetoka Rwanda pia, pamoja na mitishamba ya kutuliza maumivu na kuponya kidonda. Mfuko wa uzazi wenyewe, kwa maelezo ya Felkin, haukushonwa. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga, msafiri akaendelea na safari yake, na hakuna aliyerudi kuandika kama mama yule alizaa tena. Fasihi ya upasuaji ina wingi wa mashujaa wa mtoto wa kwanza.

Leo hesabu za mtoto wa pili zipo. Mwongozo wa mwaka 2015 wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza unasema kwamba kati ya wanawake 100 wenye kovu moja wanaojaribu njia ya kawaida, 72 hadi 75 hufaulu. Aliyewahi kuzaa kwa njia hiyo hapo nyuma ana nafasi ya 85 hadi 90. Mfuko hupasuka kwa mmoja kati ya 200 hivi. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, Boulvain na wenzake walikusanya tafiti za eneo hili mwaka 1997 wakapata waliofaulu asilimia 69, idadi isiyo mbali na ya Ulaya. Waliopasuka mfuko walikuwa asilimia 2.1, yaani wanne kati ya wale 200. Kufaulu kulilingana; kukosea ndiko kulikogharimu zaidi. Tofauti hiyo haielezwi na misuli ya wanawake wetu.

Hizo ni hesabu za wanaojaribu kwa ujumla, na wengi wao uchungu huwajia wenyewe. Ugumu huanza usipokuja. Wiki 41 zimepita, au presha imepanda, au chupa imevunjika tangu jana na tumbo limetulia kama Ziwa Kivu mchana. Daktari ana mambo matatu ya kuchagua: asubiri, apasue, au aanzishe uchungu. Akitaka kuanzisha, atakuta dawa iliyo rahisi kuliko zote ndiyo hasa asiyopaswa kuigusa.

Dawa hiyo ni misoprostoli. Ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kidonge kikiwa na mikrogramu 200, na kwa miaka mingi wauguzi wa nchi nyingi wamekikata kwa wembe vipande vinane ili kupata kipimo cha 25, kila mmoja akiamini jicho lake. Ni rahisi, haihitaji friji, na hukaza mfuko kwelikweli. Mwaka 1998 Deborah Wing na wenzake wa Los Angeles walisimamisha jaribio lao la kuitumia kwa wanawake wenye kovu baada ya makovu mawili kuachia kati ya wanawake 17. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2011, likasema mama aliyewahi kupasuliwa asipewe.

Prostaglandini nyingine, dawa za kundi moja na misoprostoli, nazo hazikusalimika. Mwaka 2001 Lydon-Rochelle na wenzake walichapisha rekodi za wanawake 20,095 wa jimbo la Washington waliokuwa wamejifungua kwa upasuaji mara ya kwanza. Kati ya kila 1,000, waliopasuka mfuko walikuwa 1.6 kwa waliorudi moja kwa moja kwenye kisu, 5.2 kwa waliopata uchungu wenyewe, 7.7 kwa walioanzishiwa bila prostaglandini, na 24.5 kwa walioanzishiwa nazo. Wengi walisoma namba ya mwisho tu. Wodi nyingi za Marekani zikafunga mlango kwa kila mwenye kovu, hata yule ambaye uchungu ulimjia mwenyewe usiku wa manane.

Ndipo sonda ikarudi kwenye mazungumzo. Ninasema ikarudi kwa sababu wazo ni kuukuu: Robert Barnes wa London alikuwa akitumia mifuko ya mpira ya kujazwa maji katika miaka ya 1860. Sonda ya sasa, ambayo Tanzania na Kenya wanaiita mpira wa mkojo, ni ya Frederic Foley, daktari wa njia ya mkojo wa Minnesota, aliyeitengeneza katika miaka ya 1930 ili ikae kibofuni bila kuchomoka. Mwaka 1967 Embrey na Mollison waliandika jinsi ya kuitumia kufungua mlango wa kizazi. Foley mwenyewe alikuwa akishughulika na tezi za wazee.

Kazi yake ni hii. Mkunga au daktari hupitisha sonda kwenye mlango wa kizazi uliofunga, akaisukuma hadi kichwa chake kivuke upande wa ndani, kisha kwa bomba la sindano akajaza puto lake maji safi, mililita 30 katika mtindo wa zamani, 60 au zaidi katika mtindo wa siku hizi. Huivuta taratibu hadi puto likae juu ya mlango, kisha huibandika kwa plasta kwenye paja. Puto hufanya mambo mawili kwa pamoja: linasukuma mlango, na linabandua utando wa mtoto kutoka ukuta wa chini wa mfuko, hivyo mwili unatoa prostaglandini zake wenyewe palepale, kidogokidogo. Mama anaweza kuamka, kwenda msalani, kula. Baada ya saa kadhaa, mlango ukifika sentimita tatu au nne, sonda hudondoka yenyewe. Likitokea la kutisha kabla ya hapo, maji hutolewa kwa bomba la sindano na jambo limekwisha, tofauti na kidonge kilichokwishamezwa, ambacho hakiitiki kikiitwa.

Basi linaonekana jawabu la hospitali za aina ya Gisenyi: kifaa cha bei ya chini, kisichohitaji umeme wala baridi, ambacho hukaa stoo siku zote kwa ajili ya kazi nyingine. Nimesikia hoja hiyo ikitolewa kwa shauku, na nusu yake ni kweli.

Nusu ya pili inahitaji kusomwa polepole. Jaribio kubwa la Uholanzi lililoirudishia sonda heshima, lililochapishwa mwaka 2011, liliwaacha nje wanawake waliowahi kupasuliwa. Jaribio la Nagpur, India, la mwaka 2017, lililolinganisha sonda na misoprostoli ya kumeza kwa wanawake wenye presha, liliwaacha nje pia. Mwanamke anayetajwa kuwa ndiye sonda inamfaa kuliko wote ndiye aliyezuiwa mlangoni pa majaribio. Wachambuzi wa Cochrane walipotafuta, mwaka huohuo wa 2017, majaribio yaliyowahusu wenye kovu peke yao, walipata manane, jumla wanawake 707, wakaandika kwamba hayatoshi kusema njia ipi ni bora. Tunachokijua zaidi kinatoka kwenye rekodi. Landon na wenzake, mwaka 2004, walikuta mfuko ukipasuka kwa asilimia 0.4 ya waliopata uchungu wenyewe, na asilimia 0.9 ya waliofunguliwa mlango kwa vifaa, wakiwemo walioongezewa oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Si namba ya kutisha, ila ni zaidi ya maradufu.

Na hapo kuna jambo linalorukwa. Sonda hufungua mlango. Mara nyingi haileti uchungu wa kutosha. Ikishadondoka, dripu ya oksitosini hufuata, na dripu haina habari na kovu. Penye pampu, mashine hupima. Pasipo na pampu, muuguzi hushika gurudumu dogo la mrija, hutazama saa, huhesabu matone, hulegeza, huhesabu tena. Mama akigeuka ubavu matone hubadilika. Njia iliyosifiwa kuwa haina dawa huishia kwenye dawa, na saa za hatari ni hizo zinazokuja baada ya sonda kutupwa kwenye ndoo.

Saa hizo zinahitaji nini? Mapigo ya mtoto yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika tano mama anaposukuma. Mkono ukae tumboni kuhesabu uchungu. Awepo mtu wa kugundua kwamba maumivu yanaendelea hata uchungu ukiisha, kwamba damu imeongezeka, kwamba kichwa kilichokuwa kimeshuka kimerudi juu. Mapigo ya mtoto yakianguka, utafiti wa Leung wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba madhara makubwa kwa mtoto yalianza kuonekana dakika 18 zilipopita kabla hajatolewa. Dakika 18 ni za kumwita daktari, kumpata mtoa ganzi, kusukuma kitanda na kufungua tumbo. Ikiwa mtoa ganzi wa zamu ni mmoja na yuko ndani na mama mwingine, hesabu imekwisha kabla ya kuanza.

Rwanda imejenga njia ambayo majirani wanaitazama kwa wivu. Mwaka 2000 uwiano wa vifo vya wazazi ulikuwa 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa kitaifa wa 2019 na 2020 ulikuta 203. Wanawake 93 kati ya 100 walikuwa wamejifungulia kwenye kituo cha afya au hospitali. Kituo cha afya kina wauguzi na wakunga na hakina chumba cha upasuaji, kwa hiyo mwenye kovu hupelekwa hospitali ya wilaya. Huko mwenye kadi ya mutuelle, bima ya afya ya jamii, hulipa asilimia kumi ya gharama. Tangu Oktoba 2016 ndege za Zipline zisizo na rubani zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kudondosha damu kwa parashuti kwenye hospitali za wilaya. Nchi imeweza kuleta damu kwa njia ya anga. Kumweka mkunga mmoja kando ya kitanda kimoja kwa saa nane ndiko kunakobaki kugumu, kwa sababu mkunga harushwi kutoka Muhanga.

Mpango huo wa ngazi una tokeo lake. Wanaojifungua bila shida hubaki vituoni, wenye makovu hukutana wote hospitali. Richard Kalisa na wenzake walipochunguza hospitali ya Ruhengeri, kilomita 60 hivi kutoka Gisenyi, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2017, walikuta karibu mwanamke mmoja kati ya kila kumi waliofika kujifungua ana kovu la mfuko. Kadiri upasuaji unavyoongezeka, na kitaifa ulifika asilimia 15 katika utafiti wa 2019 na 2020, kundi hilo litakua. Mama mwenye kovu si mgeni wa nadra wodini, ni mteja wa kila zamu.

Gisenyi nayo ina yake ya ziada. Hospitali iko mjini, mpaka uko mjini, na volkano ya Nyiragongo iko dirishani. Ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko yakafuata, hospitali ilipata nyufa na wagonjwa wakahamishwa. Januari 2025, Goma ilipokuwa ikianguka vitani, makombora yalivuka hadi Rubavu na kuua watu. Mwongozo wa uzazi unaotaka chumba cha upasuaji kiwe tayari muda wote haukuandikwa na mtu aliyekuwa akitazama upande ule.

Mtu anaweza kuhitimisha hapa kwamba wapasuliwe wote, tulale salama. Wako madaktari wazuri wanaosema hivyo, na siwalaumu. Ni wao watakaoitwa kwenye kikao cha kuchunguza kifo. Lakini kisu nacho kina hesabu yake. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta akina mama 5.43 wakifa kwa kila upasuaji wa uzazi 1,000, karibu mara 50 ya nchi tajiri. Katika hospitali ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, kidonda kilipata maambukizi kwa asilimia 10.9 ya waliofuatiliwa baada ya kupasuliwa. Na mwanamke wa Rwanda, kwa wastani wa utafiti wa 2019 na 2020, huzaa watoto 4.1. Aliyeanza kwa kisu na kuambiwa kisu daima ana safari nne za chumba cha upasuaji kwa jumla. Robert Silver na wenzake walionyesha mwaka 2006 maana ya safari hizo pale kondo la nyuma likijikita chini, juu ya kovu: uwezekano wa kondo kung'ang'ania ukuta wa mfuko ni asilimia 3 katika upasuaji wa kwanza, 11 wa pili, 40 wa tatu, 61 wa nne. Kondo la namna hiyo humwaga damu kuliko ndege zinavyoweza kuleta. Kwa hiyo upasuaji wa pili, unaoitwa salama, ni salama wa mwaka huu.

Ndiyo maana ninaona sonda inastahili nafasi Gisenyi, ila nafasi yenye masharti. Apewe mama mwenye kovu moja la mlalo, hasa aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida, na ambaye mimba mbili hazikufuatana kwa karibu. Awekewe jioni, ili saa za dripu ziangukie mchana, wakati daktari yuko wodini na si nyumbani akitafutwa kwa simu. Huko Ulaya wanawake wasio na kovu huruhusiwa kwenda kulala kwao sonda ikiwa ndani. Mwenye kovu asitoke hospitali, hata kama anakaa mtaa wa Mbugangari na anaahidi kurudi alfajiri. Zamu ikiwa na mkunga mmoja kwa wazazi sita, asianzishwe siku hiyo. Na mlango ukigoma baada ya sonda, apasuliwe bila kuongezewa kidonge cha kubahatisha, na bila mtu kumwambia kwamba ameshindwa. Mama aliyeelezwa haya mapema, kwa lugha anayoiota, ana haki ya kusema hapana, nipasueni. Na jibu hilo si woga.

Inabaki karatasi. Masharti yote hayo yanategemea kujua mfuko ulikatwa wapi mara ya kwanza, na mama wa Gisenyi huenda alipasuliwa Goma, Bukavu au Kigali. Katika chumba cha wazazi mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, ulipasuliwa wapi?"

"Ngambo, muganga. Wakati wa vita."

"Wakakupa karatasi?"

"Ilibaki na vitu."

Daktari hufunua kanga akatazama kovu la tumbo, ambalo linamweleza tu namna ngozi ilivyokatwa. Ngozi iliyokatwa kwa mlalo inaweza kuwa imefunika mfuko uliokatwa wima, na wima wa ngozi unaweza kuficha mlalo wa ndani. Mistari mitatu ingetosha: sababu ya kupasua, mahali na mwelekeo wa mkato kwenye mfuko, na kama ulichanika zaidi ya ulivyokatwa. Ingeandikwa kwenye kadi ya chanjo ya mtoto, ambayo akina mama huilinda kuliko kitambulisho. Kinachoandikwa mara nyingi ni tarehe, neno upasuaji, "mama na mtoto wazima", na sahihi isiyosomeka.